Uzi Mwekundu wa Bavaria

Mke wangu husema naweza kusahau siku yake ya kuzaliwa, lakini mtu aliyenidanganya simsahau. Ni kweli, wala siombi radhi. Kwa hiyo naanza na mkosaji wa kwanza: yule mwenye meza ya vikorokoro katika soko la Walthamstow, hapa London, anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Jina lake nalijua. Siliandiki kwa sababu ni mtu wa kuja kudai chai ya bure kwa kuwa ametajwa. Lakini akisomewa haya, ajue ni yeye.

Huyu ndiye aliyeniuzia bahasha ya stempu za zamani za Kijerumani, akaniapia kwa kaburi la mama yake kwamba zote ni halisi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mama yake amekaa nyuma ya meza ile ile, anakula chipsi.

Nieleze kwanza nilivyofika kwenye stempu, maana watu wa kwetu hunicheka mpaka leo. "Wenzako wananunua kiwanja, weye unanunua timbre zilizokwisha kutumika!" Sisi wa mashariki ya Kongo tunaziita timbre. Shule yangu iliishia darasa la nne. Vita vilipokuja nilivuka ziwa na mke wangu mpaka Kigoma, na huko Watanzania wakaninyoosha Kiswahili changu kama shati. Kisha London, miaka ya tisini ikiwa inaelekea ukingoni.

Cheti changu cha kuzaliwa nilikivusha ziwa lile kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, nimekifunga kiunoni. Ofisa aliyenihoji hapa alikichukua, akakiweka chini ya taa, akakigeuza huku na huku, akasema uhalisi wake una mashaka. Alisema hivyo huku anamung'unya pipi ya minti. Huyo ni mkosaji wa pili. Makaratasi ya kukaa nilikuja kupata baadaye kwa njia nyingine, na nikashukuru Mungu. Ila kile cheti hakuna mtu aliyewahi kukirudia na kusema, samahani bwana, kilikuwa cha kweli.

Kazi yangu ilikuwa usafi. Siku za kawaida maofisini, Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja karibu na kwetu. Ukumbi ule ulikuwa ukikodishwa kwa harusi, kwa akina mama wa kucheza viungo, na mara moja kwa mwezi kwa klabu ya stempu. Wa harusi waliacha wali chini ya viti. Wa stempu waliacha makombo ya biskuti tu, nami nikawapenda kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Mwenyekiti wao alikuwa daktari wa meno mstaafu, Mwingereza mrefu mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Vifaa vyake vya kazi alikuwa hajaviacha: ile taa ya kuvuta chini, kioo kidogo chenye mpini, na kibanio. Akiinamia stempu ungedhani anatafuta jino bovu. Siku moja nafagia karibu na meza yake, akaniita.

"Njoo umwone mwizi," akasema.

Alikuwa na stempu mbili nyekundu za Saksonia, zenye tarakimu ya tatu katikati. Moja alirithi kwa baba yake, nyingine alichomekewa na mtu. Kwa macho yangu zilikuwa kitu kimoja. Akanipa lenzi. Katika ile ya kweli chapa ilikuwa imeuma karatasi. Ukiigeuza nyuma unaona kama alama za meno. Katika ile feki wino ulikuwa umelala juu tu, umetulia, kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa.

Akanieleza kwamba zamani hizo Ujerumani haikuwa nchi moja. Kila mfalme mdogo mwenye kasri na bendi ya tarumbeta alichapa stempu zake. Nchi zilipoungana, stempu zile zikakoma, watu wakaanza kuzitafuta, na matapeli hawakuchelewa. Feki nyingine zimezeeka mno, zina manjano na mikunjo ya heshima kama za kweli.

Kuanzia hapo nikawa nafagia polepole. Mwaka haukuisha nikawa mwanachama, na mwenye ufagio bado ni mimi.

Klabu ile ilikuwa na maonyesho kila mwaka. Kila mwanachama anapewa ubao wake wa kubandika alichonacho, na chini ya ubao kunaandikwa jina lake. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kubandika, kila stempu inapita chini ya taa ya mwenyekiti, mbele ya wote, naye anasema "halisi", au "feki", au "ina mashaka". Ya mashaka haipandi ubaoni.

Mnaelewa sasa nilichotaka. Sikutaka stempu ya bei kubwa. Nilitaka karatasi yangu iwekwe chini ya taa, watu wanaona, na mwenye taa aseme halisi.

Mara ya kwanza nilijipeleka na zile za mwenye kofia ya sufu. Ndani ya bahasha mlikuwa na stempu za Bergedorf, kamji kadogo kalikokuwa mali ya Hamburg na Lübeck kwa pamoja. Nilizipanga vizuri, nikavaa na tai. Mwenyekiti akavuta taa.

"Rafiki yangu," akasema, "hawa ni mapacha."

"Ndiyo, wanafanana sana," nikajibu kwa fahari.

"Hawatakiwi kufanana. Bergedorf kila bei ilipopanda na stempu iliongezeka ukubwa. Ya bei ndogo ni kitoto, ya bei kubwa ni baba mtu. Zako zote zimevaa suruali moja."

Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka, lakini kile kicheko cha meno. Mama mmoja mkusanyaji wa stempu zenye picha za paka alinipa biskuti kunipoza.

Basi bahasha ile nikaitupa kabatini. Ilikaa humo mpaka siku mke wangu aliposema kabati ni la mashuka, si la matapeli. Nikaitoa, nikaipitia tena kwa lenzi niliyonunua mwenyewe, na hapo ndipo nikaiona ya Bavaria. Ndogo, ya bluu, mraba, tarakimu ya tatu katikati, imepigwa muhuri wa duara kama gurudumu la kinu cha maji. Nyuma ilikuwa imegandiwa na kipande cha karatasi ya albamu. Nilipoiinua dirishani, mstari mwekundu ukaonekana ndani, kutoka juu mpaka chini.

Bavaria hawakuwa wajinga. Karatasi ya stempu zao nyingi waliitengeneza ikiwa na uzi mwekundu wa hariri ndani yake, ili watu wasizighushi. Na watu walizighushi hivyo hivyo: wakauchora ule uzi nyuma kwa wino mwekundu, wakakausha, wakauza.

Nikampelekea mwenyekiti nyumbani kwake. Akaangalia mpaka nikaona shingo itamuuma.

"Chapa ni nzuri. Muhuri mzuri. Lakini ule mstari, kwa hii karatasi iliyoganda nyuma, siwezi kujua kama ni uzi au ni wino. Kwa leo ina mashaka."

Neno lile lile! Nilikaribia kutafuta harufu ya minti.

Lakini yeye aliongeza: "Iloweke kwenye maji ya vuguvugu. Karatasi itabanduka. Kama ni wino, utaona. Kama ni hariri, niletee Jumamosi, na ubao wako nakuwekea mlangoni."

Sasa namleta mkosaji wa tatu, na huyu namtaja kwa mapenzi. Ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, fundi cherehani. Harusi zote za watu wetu London kaskazini mwanamke huyu amezivisha. Shemeji haamini neno la mwenye duka. Akienda Southall au Tooting, mitaa ya maduka ya Wahindi, kununua hariri, anavuta uzi mmoja kwenye pindo la kitambaa, anatoka nao nje mlangoni, anawasha kiberiti. Hariri ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua na inaacha jivu laini. Ile ya kiwandani inayeyuka, inafanya kidonge kigumu. Wenye maduka wa Southall walikuwa wakimwona anashuka kwenye basi, wanaanza kuondoa vitambaa kwenye meza. Mmoja, mzee wa Kipunjabi aliyezaliwa Nakuru, alimpigia kelele kwa Kiswahili safi: "Mama, leo choma rumali yako mwenyewe!" Rumali kwao ni leso.

Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu. Mimi nilikuwa nimeshailoweka stempu kwenye bakuli. Karatasi ya nyuma ilibanduka taratibu, nikaiopoa stempu, nikailaza juu ya kitambaa cheupe. Mstari mwekundu haukuchuja hata kidogo. Na pale chini, ukingoni, kulikuwa na kitu kimechomoza, kidogo kama unywele wa kope.

"Ni uzi," nikasema. "Au nauona kwa sababu nautaka?"

"Uzi wa nini?" akauliza shemeji, mdomo umejaa fufu, ugali wetu wa muhogo.

"Wa hariri. Kama ni hariri, stempu ni halisi. Kama si hariri, ni mashaka mengine tena."

"Na hao wazungu wako wanajuaje kama ni hariri?"

"Wanaangalia."

"Wanaangalia!" Akamgeukia dada yake. "Umesikia? Hariri inaangaliwa!"

Sikutilia maanani. Nilikuwa na zamu ya usafi jioni ile, nikavaa koti, nikaiacha stempu ikauke. Niliporudi, kwenye ngazi tu harufu ikanipokea.

"Nani ameunguza nywele?" nikauliza.

Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia. Shemeji akasimama katikati ya sebule, sindano mkono mmoja, kiberiti mkono mwingine, anang'aa kama bibi harusi.

"Shemeji, furahi! Ni hariri! Hariri ya kweli kabisa, tena safi, siku hizi huipati! Unasema aksanti lini?"

Nikaenda mezani. Stempu ya Bavaria ilikuwa pale, bluu yake ile ile, muhuri wake ule ule, na mfereji mwembamba umeipasua mgongo kutoka juu hadi chini. Pembeni, kipande cha uzi mwekundu kilichobaki. Kingine kilikuwa jivu kwenye sosa ya kikombe.

Niliyoyasema siyaandiki. Niliyasema kwa Kiswahili, nikaongeza Kifaransa kidogo, nikamalizia kwa Kiingereza cha kazini. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa mshangao wa kweli, "Lakini si uliuliza? Mimi nimekujibu." Hapo mke wangu akashindwa kabisa, akateleza kutoka kwenye kiti akakaa chini.

Wiki ile nzima sikumpokea shemeji simu. Alimtuma dada yake aniletee shati alilonishonea. Shati nililipokea, maana kinyongo na shati ni vitu tofauti.

Jumamosi nilikwenda ukumbini kwa sababu ya kufagia tu. Stempu nilikuwa nayo mfukoni, na uzi wake, sijui kwa nini. Mwenyekiti aliniona tu akavuta taa.

"Haya, ilete."

"Imeharibika, bwana."

"Ilete hivyo hivyo."

Watu wakasogea. Akaigeuza kwa kibanio. Akauona mfereji. Akauchukua ule uzi, akautazama ncha iliyoungua, akauleta karibu na pua, akanusa. Nikamweleza habari ya shemeji na kiberiti chake. Mama wa paka akaziba mdomo. Mwenyekiti alivua miwani, akaiweka mezani, na yule mtu wa sauti ndogo akacheka mpaka taa yake ikayumba.

Alipotulia alifuta macho, akavaa tena miwani, akainama. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata wa jikoni waliisikia:

"Halisi. Katika ukumbi huu hakuna stempu iliyothibitishwa kuliko hii."

"Si imeharibika?"

"Imeharibika, ndiyo. Thamani haina. Utaandika chini yake ukweli wa kilichotokea. Lakini nimesema halisi, na ubao wako uko mlangoni."

Nikakuta ufagio umenikaa mkononi, nikafagia mahali ambapo palikuwa pasafi.

Tukaibandika: stempu upande mmoja, uzi upande wa pili, na sosa ya jivu juu ya kimeza, maana mwenyekiti aliisisitiza. Siku ya maonyesho watu walisimama kwangu kuliko kwa paka. Mwenye kofia ya sufu naye alipita, akasoma, akanipiga begani mbele za watu: "Si nilikuambia zote ni halisi?" Mnaona mtu wa namna gani.

Saa za mchana akafika shemeji, gauni la kitenge, kilemba mpaka kwenye taa. Alisimama kando ya ubao wangu, akaanza kuwaeleza wageni kwa Kiingereza chake jinsi ya kuitambua hariri. Wakasikiliza kwa adabu. Halafu akaiona Bavaria nyingine, ya kahawia, nzima, kwenye ubao wa jirani. Akainamia. Akaingiza mkono mkobani.

Mwenyekiti akavuka sakafu kwa hatua ndefu, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akanyoosha kiganja.

"Mama," akasema, "kiberiti chako tutakiweka pale mlangoni, pamoja na miavuli."