Bisibisi na Mifuniko Inayoitikia

Mjukuu wangu alifungua redio kabla hajajua kufungua kitasa cha mlango. Huo si uongo. Uongo uko mbele, na tukiufikia mtautambua wenyewe, maana utakuwa mtamu kuliko ukweli.

Alikuwa bado ana meno ya utotoni. Nilikuwa nimemwambia kwamba ndani ya redio yetu anaishi bwana mmoja mfupi kama kijiko, mwenye koo la fahali, ndiye anayesoma habari, na ndiyo maana betri huisha upesi: anazila. Mtoto akamwonea huruma. Kila asubuhi akawa anapenyeza makombo ya mkate kwenye vitundu vya spika ili bwana yule naye abadilishe chakula. Redio ikakohoa, ikakoroma, ikanyamaza. Mtoto akalia, akasema bwana amekufa na lazima azikwe. Akachukua bisibisi ya baba yake, akaifumua redio yote sakafuni kumtafuta marehemu. Hakumpata. Alikuta waya, sumaku, na jeshi la sisimizi wanaokula mkate wao kwa raha zao. Akawafukuza, akapangusa kila kipande kwa pindo la gauni langu, akarudisha kimoja kimoja. Redio ikasema. Tena nawaapia, ilianza kushika stesheni ambazo zamani haikuzishika, na moja kati ya hizo ilikuwa ya samaki watupu.

Tangu siku hiyo akaitwa Bisibisi. Majirani husema nilimdanganya mtoto. Mimi nasema nilimtafutia kazi.

Kazi yenyewe ni ipi? Hapo ndipo watu hukuna kichwa. Mwanangu, baba yake Bisibisi, ni fundi bomba, na kwake kazi ni kitu kilichokuwa kinavuja kikaacha kuvuja. Akiulizwa binti yake anafanya nini, hujibu, "Anacheza na nyaya." Bisibisi mwenyewe husema, "Natengeneza vitu ambavyo bila mtu havijakamilika." Mimi nitawaeleza kwa makalio, maana ndiyo niliyoyaona yakielewa haraka kuliko vichwa.

Aliwahi kutengeneza benchi la bustani. Ukikaa peke yako, liko kimya kama benchi lingine lolote. Akija mtu wa pili, linaanza kuimba chini chini. Mkisogeleana, linapaza sauti. Wachoraji wengine hutundika picha wakaandika "Usiguse", huyu wangu aliandika "Kaa." Watu waliokuwa wamenuniana miaka walipatanishwa na benchi lile, midomo yao ikafuata baadaye. Ndoa zilizoanzia pale zingejaza ukumbi. Talaka ilitoka moja tu: mke alipita njia, akasikia benchi linaimba kwa nguvu, akageuka kutazama, akamwona mumewe.

Chumba chake cha kazi kiko uani kwangu, kilikuwa stoo. Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku. Skrubu ziko kwenye chupa za vioo, simu zilizokufa ziko kwenye beseni, na waya ameuanika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, mfupi kwa mfupi, mrefu kwa mrefu. Akiunga waya kwa risasi ya kuyeyusha, moshi mwembamba hupanda, naye huubana mdomo kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Lakini ufundi wake hauko mezani. Uko pale anapoita mtu ajaribu. Hukigeuzia mgongo kitu chake, akamtazama mtu. Anatazama mikono inakwenda wapi, mguu unasita wapi. Mtu akiuliza, "Sasa nifanye nini?" Bisibisi hukifumua chote, akaanza upya. "Kikihitaji maelezo, Bibi, bado sijakimaliza." Nilimwona akivunja kazi ya msimu mzima kwa sababu taa iliwahi kuwaka kabla ya kicheko. Mimi ningeipiga teke ile taa. Yeye aliiomba radhi.

Basi, hospitali yetu ina ukumbi wa kusubiri. Mabenchi ya chuma, feni inayolalamika, na ukuta mmoja mrefu mtupu wenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Watu hukaa humo kama mizigo iliyosahauliwa na mwenyewe. Daktari mkuu, mama mmoja mrefu wa sauti ya chini, alikuwa amekaa kwenye lile benchi la bustani. Akamwita Bisibisi: tuwekee kitu kwenye ukuta ule, watu wasikae kama wameshakufa. Ila hospitali ina kamati, kamati ina mwenyekiti, na mwenyekiti alitaka ukuta ule utundikwe picha za wenyeviti. Wakakubaliana hivi: binti atengeneze, kamati ije ione. Wakiupenda, ukuta unabaki na Bisibisi anaajiriwa kuutunza. Wasipoupenda, unashushwa siku hiyo hiyo.

Mwanangu naye akamwongezea binti yake sharti mbele ya sahani. "Sikiliza, mama. Ukishushwa huo ukuta, unaingia kaunta dukani kwa mjomba wako. Nyaya basi."

"Sawa, baba," akasema Bisibisi.

Naijua ile sawa. Ndiyo aliyosema utotoni nilipomwambia asiifungue saa yangu.

Aliniuliza, "Bibi, ukisimulia, ni nini kinakufanya uendelee?"

"Mdomo wangu."

"Mdomo wako tu? Mbona juzi jirani alipotoka kwenda msalani ulinyamaza?"

Hapo alinipata. Kweli, jirani yangu fundi cherehani ana kipaji. Ukimsimulia, haachi kushona, lakini kila ukivuta pumzi anakupokea: "Enhe." Ukifika penye utamu: "Makubwa!" Bila enhe hadithi hukauka kama mto usio na chemchemi.

"Nataka ukuta unaosema enhe," akasema mjukuu wangu.

Akaanza kuzunguka mtaa mzima akiomba mifuniko ya sufuria. Alibisha hodi akiwa na mwiko mkononi, akashika mfuniko kwa kidole kimoja, akaugonga, akaweka sikio. Mwembamba hulia kama mtoto, mzito hukohoa kama babu. Mingine aliikataa kwa adabu: "Huu una sauti nzuri, shangazi, lakini hausikilizi." Mtaa wetu ukabaki na sufuria wazi, kila nyumba ikajua jirani anapika nini, ugomvi ukapungua kwa aibu. Wangu nilimkatalia. Ni mfuniko wa sufuria yangu ya ndoa, nikamwambia, akiutaka kama mke mwenza ataondoka mikono mitupu kama mke mwenza. Siku ya pili nikajikuta nafunika sufuria kwa sahani.

Nyuma ya kila mfuniko aliweka kinyundo cha mbao na mota ndogo, na katikati ya ukuta kidude cha kusikia, kidogo kama mbegu ya papai. Alinisisitizia kwamba ukuta hauelewi neno wala hauweki neno. Unasikia tu sauti inavyopanda na kushuka, na mahali mtu anapovuta pumzi. Ukivuta pumzi, mfuniko mmoja hulia, taratibu: enhe. Ukipandisha sauti, kundi zima hushtuka: makubwa! Na ukisikia kicheko, mifuniko yote hulia kwa mpigo kama kabati la vyombo limeanguka jikoni kwa mkwe.

Aliujaribu kwangu, mifuniko ikiwa bado imetundikwa kwenye ukuta wa stoo. Kila baada ya chakula nilisimama mbele ya ukuta nikausimulia. Niliueleza nilivyomfundisha babu yake Bisibisi kuogelea ndani ya ndoo. Niliueleza mwaka ule wa upepo, jogoo wangu alipotaga kwa hofu. Mwanzoni ulinikatiza katikati ya sentensi.

"Ukuta wako hauna adabu!"

Bisibisi akabonyeza kompyuta yake. "Na sasa?"

"Bado una haraka. Unaitikia hata sijafika."

Akabonyeza tena, na tena, hadi siku moja nilisimulia mpaka mwisho, ukanipokea kila mahali nilipotaka kupokelewa. Nikamwambia, sasa huu ni mtu.

Siku ya kamati ikafika. Ukumbi ulijaa: wagonjwa wa kila siku, wauguzi, jirani na tepu yake ya kupimia shingoni. Mwanangu alikuja na mkoba wa spana, akausimamisha karibu na mlango. Mwenyekiti akaingia, mtu mwenye tumbo la heshima, akitembea kwa madaha, mguu mmoja ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake. Nikasema moyoni, maringo hayo.

Akasimama mbele ya mifuniko. "Halo," akasema.

Kimya.

"Halo, halo. Moja, mbili."

Kimya.

Muuguzi mmoja akajaribu, "Hujambo, ukuta?" Mtu akapiga makofi. Mwingine akapiga mluzi. Mifuniko ilining'inia tu kama mifuniko. Bisibisi akakagua waya, akakagua taa ndogo ya nyuma, vyote vizima. Akainua uso, akanitazama mimi. Nikaona rangi inamtoka.

"Bibi," akaninong'oneza, "wewe ukianza kusimulia, huwa unafika kwenye jambo lenyewe wakati gani?"

"Nikishamaliza kusalimia, na kueleza nilikuwa wapi, na nani alinituma, na viatu nilivyovaa."

"Ndiyo hivyo. Nimeupima kwa mtu mmoja tu. Unasubiri mtu aseme kwa muda mrefu, amalize viatu, ndipo uitikie."

Maskini, mjuzi wa watu wote, kwa bibi yake alisahau kwamba watu wengine husema halo wakanyamaza. Akaikimbilia kompyuta arekebishe.

"Acha hiyo mashine, binti!" mwenyekiti akafoka. "Nisikilize!"

Akaacha. Mwanangu akainama, akafungua zipu ya mkoba.

Mwenyekiti akaanza. Na mtu yule akianza, hamalizi leo. Alisema habari ya kamati kupotezewa wakati. Alisema habari ya ukuta uliotobolewa, na rangi, na heshima ya jengo. Akasema tangu lini sufuria ikawa dawa. Akavuta pumzi.

*Kling.*

Akageuka. Hakuna aliyecheka, hatukuthubutu. Akaendelea kwa sauti zaidi: yeye si mtu wa kudharauliwa, yeye ndiye aliyepigania maji yafike wodini! Kundi zima la mifuniko likashtuka: makubwa! Akatazama mifuniko, akatutazama sisi. Nilikiona kitu usoni mwake ambacho nakijua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe hukipata jirani anaponiambia enhe. Mtu amepata msikilizaji.

"Na nani ameshukuru?" akauliza, sasa akiuelekea ukuta. *Kling.* "Hakuna!" *Kling, kling.* "Vikao vinaitwa, mimi nasimama. Wageni wanakuja, mimi nasimama. Nasimama mchana kutwa na goti hili linaniwaka moto, ngazi zenyewe nazipanda kwa kushika ukuta kama mlevi…"

*Kling*, ukasema mfuniko wangu wa ndoa, taratibu kabisa.

"Goti gani, mwenyekiti?" akauliza daktari mkuu.

"Nani ametaja goti?"

"Wewe."

"Sijataja goti!"

Jirani yangu alishindwa kujizuia. Kicheko kikamtoka puani, sisi wengine tukafuata, na ukuta uliposikia kicheko ukaangusha kabati lote la vyombo. Hata bibi mmoja mwenye bandeji kichwani alicheka akajishika bandeji. Mwenyekiti akasimama katikati ya kelele ile, kisha tumbo lake la heshima likaanza kutikisika.

Daktari alipopata nafasi alisema, "Kila wiki nakuuliza hujambo, unaniambia sijambo. Wagonjwa wangu wote wako hivyo. Ugonjwa wenyewe huutaja wakishashika kitasa kutoka. Mimi nautaka ukuta huu."

Mwenyekiti akajishusha kwenye benchi, goti limenyooshwa. "Ubaki," akasema. "Lakini nani ameufundisha kuninyamazia muda wote ule?"

"Ni kosa langu, mzee," akajibu Bisibisi. "Niliupima kwa bibi yangu peke yake."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikainama kama bibi harusi.

Daktari akasema basi usiguswe, uachwe hivyo hivyo. Mwingine angeshukuru akaenda kunywa soda. Bisibisi akakataa. Alikuwa amemwona mama mmoja mwembamba mwisho wa benchi, aliyejaribu kusema na mifuniko, akasema maneno matatu, kikohozi kikamkata, na ukuta ukamnyamazia. "Huyu hawezi kufika kwenye viatu, daktari," akasema. Akaburuta kiti, akaketi karibu na yule mama na kompyuta mapajani, akamwomba aseme anavyoweza. Mama akasema, akakohoa. Bisibisi akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, macho hayaangalii kompyuta, yanaangalia kifua cha yule mama kinavyopanda. Alikuwa anaufundisha ukuta kupima kwanza pumzi ya mtu, ndipo uamue kumngoja: wa pumzi ndefu umvumilie, wa pumzi fupi umuwahi. Mpaka yule mama aliposema, "Nimechoka, mwanangu," na mfuniko mmoja mdogo ukamjibu papo hapo. Akatabasamu kama aliyeitwa kwa jina lake.

Nimesimulia uongo mwingi maishani, na wote nimeupamba. Hilo sikulipamba.

Ukumbi ulipopungua, nikamtafuta mwanangu. Alikuwa ukutani na spana aliyokuja nayo kufungulia, anakaza nati. Anakaza moja, anaijaribu, anakwenda nyingine, huku ananung'unika peke yake kama kawaida yake: nani amefunga hivi, nati zimelegea, kitu kizito namna hii kikiangukia watu, mtoto hataki kuuliza, angeniuliza ningempa boliti za maana, mtoto mwenyewe ana kichwa kuliko…

*Kling.*

Mwanangu akaruka. Akatazama huku na huku kama mtu aliyefumaniwa.

"Endelea, baba," akasema Bisibisi kutoka nyuma yake. "Kuliko nani?"

"Kuliko bibi yako," akasema, akarudi kwenye nati yake.

Mimi nafunika sufuria kwa sahani mpaka leo. Hamu ya mfuniko wangu ikinijia, naufuata hospitali. Wauguzi huniuliza naumwa nini. Nawaambia ngojeni, bado niko kwenye viatu.