Koili Yangu na Chupa Saba za Mama

Nakumbuka siku lori la soda lilipofika Chole kabla ya wakati wake, nami nimepiga magoti chumbani mbele ya koili yangu ya kurusha cheche za umeme, chupa saba za mama zikiwa zimejaa maji ya chumvi. Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu jana nilipita mezani kwako hapa Kibaha, nikaona unachokijenga kwa vipuri ulivyookota kwa mafundi wa televisheni pale Maili Moja. Usidhani nimekuja kukukataza. Mimi bibi yako nilijenga kitu cha namna hiyo kabla mama yako hajazaliwa, na nilikijenga vizuri.

Wakati huo nilikuwa nasoma sekondari, nimerudi likizo kwetu Chole, Kisarawe. Umeme ulikuwa haujafika kijijini. Mama alikuwa na kiduka cha sukari, mafuta ya taa na soda, na kaka yake, Mjomba Kibwana, alikuwa fundi wa redio na nyaya za magari. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na gari bovu lililoota majani hadi madirishani, na humo ndimo nilimotoa koili ya kuwashia injini, betri kuukuu, na honi niliyoichokonoa mpaka ikawa inakata na kuunga umeme yenyewe. Waya mwembamba niliufungua kwenye mota ya feni iliyoungua. Nikauzungusha kwenye kipande cha bomba la plastiki kwa siku nne, na kila ulipopandana nilifungua nikaanza upya. Nilikuwa na kiburi, sikatai, lakini mvivu sikuwa.

Kilichopungua kilikuwa chombo cha kutunzia umeme, ujikusanye kwanza halafu utoke kwa mkupuo. Hicho mjomba hakuwa nacho. Nikachukua chupa saba tupu za soda kwenye kreti la mama, nikatia maji ya chumvi, nikazivika kwa nje karatasi za rangi ya fedha za ndani ya pakiti za sigara, nikachomeka msumari mrefu katika kila mdomo. Zote nikazipanga juu ya sinia la bati, lile la pilau. Mama sikumwomba ruhusa. Nilijiambia nitazirudisha kabla hajahesabu.

Asubuhi ile niliunga betri, honi ikaanza kulia, cheche zikaanza kuruka. Nikainua taa ndefu ya tyubu iliyoungua zamani, isiyofungwa kwenye waya wowote, ikawaka mkononi mwangu. Mwanangu, nilipiga kelele peke yangu mle chumbani. Mpaka leo, na uzee huu, nikiikumbuka ile taa nafurahi.

Ndipo lori likapiga honi barabarani. Unajua utaratibu wa soda za chupa: kreti likiwa na mapengo, watu wa lori hawakuachii lililojaa. Na lori likiondoka, duka la mama lingekaa wiki mbili bila soda. Mama akaingia akihema.

"We Mwajuma! Chupa zangu ziko wapi? Watu wanaondoka hao!"

Nikachomoa waya wa betri. Honi ikanyamaza, cheche zikakoma, chumba kikawa kimya. Nikamwambia mama maneno ambayo ningeweza kuyarudisha mdomoni ningeyarudisha hata leo: "Chukua tu mama, nimeshazima."

Mama akashika sinia kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akashika misumari ili aichomoe, amwage maji. Kikasikika kishindo kimoja kikavu. Mama akarushwa nyuma, bega likapiga kizingiti, kichwa kikapiga mlango, chupa mbili zikapasukia sakafuni. Akalala pale, hasemi, macho yamefumba.

Nilidhani nimemuua mama yangu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu wakisimulia mambo yaliyoisha salama huiruka hofu. Sikulia, sikukimbia, hata jina lake sikuweza kuliita. Mjomba Kibwana ndiye aliyekuja mbio kutoka kwenye kibanda chake, akamgeuza, akamwita mara tatu. Mara ya tatu mama akafumbua macho, akauliza, "Lori limeondoka?"

Lilikuwa limeondoka. Zahanati walimshona kiganja alichokatwa na kioo, wakasema moyo unapiga sawa. Lakini vidole vya mkono wa kulia vilikuwa na ganzi, na ganzi ile ilikaa. Mkono uliokuwa ukinisuka nywele haukuweza kushika hata chanuo.

Nilijiandaa kupigwa, tena nilitaka kupigwa. Mjomba hakunipiga. Alinirudisha chumbani, akachukua kipande cha waya chenye mpini wa mti mkavu, akagusisha ncha moja kwenye sinia na nyingine kwenye msumari wa chupa mojawapo kati ya zilizobaki. Pakaruka cheche. Akagusisha tena, kimya. Kisha akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya ule msumari, akanitazama.

"Ulimwambia mama yako ashike. Wewe ulikuwa umeshashika?"

"Hapana, mjomba."

"Basi hukujua kama pamezima. Ulichojua ni kwamba honi imenyamaza."

Alinipa ule waya wenye mpini, akarudi kwenye kazi yake.

Nilitaka kuitupa koili chooni. Mama ndiye aliyekataa. Siku moja, likizo ikikaribia kwisha, alivuta kigoda akakaa mbele ya koili, mkono ameufunga kwa kanga. "Kuwasha unajua," akasema. "Nionyeshe unavyozima."

Nikawasha, taa ikawaka, nikamwona mama anatabasamu ingawa hakutaka nione. Nikachomoa betri. Nikagusisha waya wa mjomba kwenye sinia na kwenye misumari, mmoja baada ya mwingine. Nikasubiri. Nikarudia. Halafu nikashika sinia kwa mkono huu na misumari kwa mkono huu, kama alivyoshika yeye. Hakikutokea kitu. Mama akaufungua mkono wake wenye ganzi, akauweka palepale nilipoweka wangu. Hakuniuliza kama ni salama.

"Haya," akasema, "sasa nipe chupa zangu."

Hapo ndipo nililia.

Vidole vyake vilirudi polepole, vikanisuka tena kabla sijaolewa. Mimi nikawa mwalimu wa fizikia, na katika miaka yote niliyofundisha hapa Kibaha hakuna mwanafunzi aliyegusa kifaa cha umeme kabla mkono wangu haujatangulia. Walinicheka, wakanipa jina la Mama Mkono. Lilinifaa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Jenga koili yako. Vilivyotupwa na wengine viokote, vifungue, uvipe kazi mpya; kichwa kinachoweza hivyo usikione aibu. Lakini ile transfoma ya maikrowevu uliyoiweka kando iache kabisa, kwa sababu hiyo haimrushi mtu mlangoni, inamuua. Kila unapozima, toa umeme uliobaki kwa waya wenye mpini, subiri, toa tena. Na usimwambie mtu yeyote "shika" mpaka umeshika wewe. Hilo si la umeme peke yake. Siku utakapojenga nyumba, kalale ndani kabla hujaipangisha. Ukichemsha dawa ya mtoto, onja. Mtu anayekuamini haangalii nyaya. Anakuangalia wewe usoni, kisha ananyoosha mkono.

Mungu aibariki mikono yako. Aipe ustadi, aipe na subira, na kila atakayenyoosha mkono kwa sababu ya neno lako aurudishe ukiwa mzima. Waya wa Mjomba Kibwana uko kwenye mtoto wa meza yangu, mpini wake umekuwa mweusi kwa kushikwa. Kuanzia leo ni wako. Ukimaliza kujenga niite. Wewe shika kwanza, wa pili nitakuwa mimi.