Hewa ya Godwin

Tangu lami ilipofika Matema, Kyela imepata ugonjwa mpya, na ugonjwa wenyewe huwashika watu wenye ajira. Jumamosi asubuhi, wakati wenzao wanapasua kokoa au wanafukuza ndege kwenye mpunga, wao huvaa nguo za kubana kama soseji, hufunga kofia zenye matundu, huendesha baiskeli mpaka ziwani, hulitazama ziwa, halafu hurudi. Hawajabeba kitu, hata mkungu mmoja wa ndizi. Mzee Tuntufye wa Ikolo alipowaona mara ya kwanza alidhani wameandikiwa na daktari, akawaonea huruma, akawapisha.

Yeye Tuntufye amebeba vyungu kwa baiskeli miaka thelathini na moja. Vyungu hufinyangwa Ikombe, ambako barabara haijapata nafasi ya kwenda, kwa hiyo huja kwa mtumbwi mpaka Matema. Pale mchangani Tuntufye huvipokea kutoka kwa Mama Veronika, mfinyanzi, huvipanga juu ya keria na kuvifikisha mjini kwa Shani, mwenye duka la vyombo nyuma ya soko. Baiskeli yake ni Foniksi nyeusi, breki za vyuma, gia haina hata ya dawa. Kengele ilikufa zamani. Siku hizi akitaka kupita, hukohoa.

Watu wanaoona ule mlima wa vyungu ukitembea husema mzee ana nguvu. Nguvu hazihusiki. Kila chungu hulala kwenye majani makavu ya mgomba, na kamba za tyubu hazikazwi sana, maana chungu kikibanwa hununa, na kikinuna hupasuka. Tena tairi la nyuma hulijaza nusu tu. Ukilibonyeza kwa dole gumba linaingia kama parachichi lililoiva. Hiyo haikuwa siri. Ni kwamba katika miaka thelathini na moja hakuna mtu aliyeuliza.

Na kuna chungu cha njia. Shani huagiza kumi na viwili, Mama Veronika hupakia kumi na vitatu. Cha kumi na tatu ni cha barabara: kimoja kikivunjika, hicho hushika nafasi yake, vyote vikifika salama, ni cha mbebaji. Ndivyo walivyofanya bibi zake Mama Veronika walipokuwa wakipakia kwenye vichwa vya watu, na ndivyo anavyofanya yeye.

Jumamosi ninayoisimulia, chungu cha njia kilikuwa kimekwisha ahidiwa. Chungu cha maharage cha Anyisile, mke wa Tuntufye, kilitoboka tangu Pasaka, na Mama Veronika alikuwa amemfinyangia kingine kikubwa, mdomo mpana, kama alivyoagiza. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa Shani. Wiki ile alimwambia mzee kwa adabu zote, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kwamba mpwa wake Muksini amenunua bajaji. Mteja wa Mbeya anataka vyungu kumi na viwili vizima kila Jumamosi, na gari lake linaondoka saa nane kamili. Mzigo ukichelewa, au kikikosekana hata kimoja, basi wiki inayofuata kazi ni ya Muksini. Hakusema kwa ubaya. Alimpa na soda.

Basi Jumamosi hiyo hiyo, ziwa nalo likaamua kuchafuka. Mtumbwi uliotegemewa saa moja ukafika saa tatu, Mama Veronika ameloa mpaka kiunoni, vyungu vikavu. Akamwamkia mzee, mwagonile, tata, akaomba radhi kwa niaba ya upepo. Tuntufye alifunga mzigo haraka kuliko kawaida yake, akakanyaga.

Alipofika Ipinda jua lilikuwa karibu utosini. Alisimama kwenye mgahawa apate maji tu, na hapo akawakuta wale wagonjwa wa Jumamosi. Walikuwa wanatunza afya: kila mmoja supu na chapati tatu.

Walikuwa wanagombana, kama kila wiki. Upande mmoja alikaa Godwin, afisa wa ofisi moja mjini ambayo kazi yake ni kutoa fomu za kuombea fomu. Baiskeli yake ni ya kaboni, nyepesi, unaiinua kwa kidole, naye huiinua kwa kidole kila anapopata watazamaji. Gia zake zinabadilishwa kwa betri. Upande wa pili Ahmada, muuza vitambaa, mwenye baiskeli ya mbio ya chuma aliyorithi kwa mjomba wake wa Unguja, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, viatu vimefungwa kwenye pedeli kwa mikanda ya ngozi. Ahmada anaamini kwamba baiskeli nzuri ziliacha kutengenezwa mwaka fulani, na mwaka wenyewe huwa ni ule mjomba wake aliponunua yake.

"Baiskeli ya kuchajiwa ni simu yenye pedeli," alikuwa anasema Ahmada.

"Na yako ni jembe lenye usukani," alijibu Godwin. "Ukipanda mlima na gia zile, unalima."

Walipomwona Tuntufye walifurahi kama watu walioletewa shahidi mahakamani. Ahmada alimvuta mkono, akawaonyesha wenzake Foniksi kana kwamba ameiunda yeye: hiki ndicho chuma, tazameni, thelathini na moja, na bado kinakula mzigo. Akapiga magoti, akaipiga picha pande zote nne. Mzee mwenyewe hakutokea kwenye picha hata moja, alikuwa anaziba. Godwin naye akazunguka nyuma, akapiga magoti, akalibonyeza tairi. Uso wake ukawa kama wa daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa.

"Mzee wangu, unateseka bure. Tairi hili limekufa. Ndiyo maana unachelewa."

Akafungua simu, akamwonyesha mistari na namba. Mistari ilipanda, ikashuka. Kwa jinsi Godwin alivyoieleza, tairi laini linakula theluthi ya nguvu za mtu, kwa hiyo katika miaka thelathini na moja Tuntufye alikuwa ametupa miaka kumi barabarani. Likijazwa ipasavyo, mzee ataingia mjini nusu saa mapema.

Dole gumba la Tuntufye lilijua jibu. Lilijua kabla hata simu haijafunguliwa. Lakini sikioni alikuwa na saa nane ya Shani. Na tuseme ukweli, kulikuwa na jambo lingine. Watu wawili waliosoma walikuwa wamepiga magoti kwenye vumbi mbele ya baiskeli yake. Hakuna aliyewahi kuipigia magoti, ukiacha yeye mwenyewe siku za pancha.

"Haya," alisema. "Jaza."

Godwin alitoa pampu ndefu yenye saa ya kusomea hewa. Alipampu kwa furaha ya mtu anayetoa sadaka, huku akisoma namba kwa sauti, mpaka tisini. Tairi likawa gumu kama kigoda. Ahmada alinong'ona kwamba mjomba wake hakuwahi kupima hewa, alikuwa anasikiliza tu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa anasikia nini.

Na kweli baiskeli iliruka. Tuntufye hakuwa amekwenda mwendo ule tangu alipokuwa kijana akimfuata Anyisile kanisani. Lami ilipita chini yake kama kitambaa. Alimkohoa mwanamke mwenye kuni, alimkohoa ng'ombe, hata bodaboda moja iliyobeba magunia aliikohoa, ikapisha. Alianza kufikiri kwamba huenda vijana hawa wana maana yao. Alifikia hata kuutazama mkono wake wa kushoto, mahali ambapo Godwin huvaa saa ya kuhesabu mapigo ya moyo.

Mbele ya shule kulikuwa na rasta, vile vituta vidogo vidogo vilivyopangwa mfululizo kuwaamsha madereva. Miaka yote Tuntufye alikuwa anavipita kama mtu anayepita juu ya godoro. Safari hii vilimtetemesha meno. Halafu nyuma yake kikasikika kitu kidogo, kama mtu amevunja kidole. Kwa!

Akasimama. Akaegemeza baiskeli kwenye ukingo wa daraja dogo, akaanza kugonga vyungu kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja. Chungu kizima huitika kwa kuvuta, ngoooo, kama mtu aliyeshiba. Chenye ufa husema ta, kikanyamaza. Vinne viliitika, vitano, vinane. Cha chini kabisa, kilichokaa karibu na keria, kilisema ta.

Alilegeza nati ya valvu, akaiachia hewa ya Godwin ishike njia yake. Ilitoka kwa kelele na majivuno mengi.

Klabu ya wale wagonjwa wa Jumamosi ilimkuta hapo. Godwin alikuwa wa mbele, akapita juu ya rasta bila kupunguza mwendo, na chupa yake ya maji ikaruka ikaangukia mtaroni. Yeye hakuiona, alikuwa ameona tairi.

"Mzee, unafanya nini? Ile ilikuwa tisini!"

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Imeshapasua kimoja. Iliyobaki naomba niirudishe nje."

Godwin alieleza kwamba kosa ni la fremu, kwamba kaboni ingemeza ule mtikisiko. Ahmada akasema kaboni ingekuwa ya kwanza kupasuka, kabla ya chungu. Wakaendelea kueleweshana huku wakiondoka, na kwa muda mrefu Tuntufye aliwasikia mbele yake, wakitetea vyuma kwa moyo mmoja. Aliiokota ile chupa, akaichomeka kwenye majani ya mgomba, akalibonyeza tairi. Parachichi. Akapanda.

Sehemu iliyobaki hakukohoa mtu. Alikwenda mwendo wake wa miaka yote, na mwendo ule, ambao kwa hesabu za simu hauwezekani, ulimfikisha nyuma ya soko saa nane kasoro dakika chache. Gari la Mbeya lilikuwa limewashwa. Muksini alikuwa ameegesha bajaji yake karibu kabisa na mlango wa duka, anafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Shani aligonga mwenyewe, kama desturi. Kimoja, ngoooo. Viwili. Alipofika cha kumi na mbili alisita, maana kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, mdomo mpana. Akakigonga. Kiliitika mpaka Muksini akainua kichwa.

"Hiki si cha kwangu," alisema Shani. "Hiki ni cha njia."

"Ni cha kwako leo."

Shani alimtazama, akatazama nyuma kwenye keria, ambako chungu kimoja kilikuwa kimebaki kimefungwa peke yake. Hakukigonga. Aliwaambia vijana wapakie, akamgeukia mpwa wake.

"Muksini, tafuta magunia ya mchele. Vyungu vina mwenyewe."

Kazi ilikuwa imepona, lakini Ikolo kulikuwa na hesabu nyingine. Anyisile alikipokea chungu mlangoni, akakigeuza juu chini, akakitazama udogo wake, halafu akakigonga. Ta.

"Kimepasuliwa na nini?"

"Hewa."

"Hewa ya nani?"

"Ya Godwin."

Anyisile hakumjua Godwin, na kwa jinsi alivyokiweka chungu chini, ilikuwa heri kwa Godwin. Maharage yalipikwa kwenye sufuria wiki nzima, na kila jioni mzee aliulizwa kama anasikia ladha ya bati. Alikuwa anaisikia. Alisema hapana.

Jumamosi iliyofuata ziwa lilikuwa tulivu. Tuntufye alifika Ipinda mapema, vyungu kumi na vitatu nyuma yake, cha juu kikubwa, mdomo mpana. Alishuka amrudishie Godwin chupa yake. Akamkuta amesimama mbele ya klabu nzima, simu mkononi, anatangaza utafiti. Huko ng'ambo, alisema, wenye mbio kubwa kabisa wameacha tairi ngumu, sasa wanatumia pana, hewa kidogo, maana tairi laini linaelea juu ya mashimo. Ni sayansi mpya kabisa, imetoka juzi. Ahmada alisema mjomba wake alilijua hilo.

Godwin alipokea chupa, akashukuru, akamwomba mzee alijaribu tairi lake jipya. Tuntufye aliweka dole gumba, akabonyeza, akafikiri.

"Bado kidogo," alisema.

Godwin akatoa hewa kidogo. Kisha, kwa mazoea tu, kwa moyo wake mwema, akanyoosha mkono kuichukua pampu, macho yakiwa kwenye Foniksi. Tuntufye aliweka kiganja juu ya valvu, akakohoa.

Wakampisha.