Kibao cha Kaka na Joto la Sitini na Tano

Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa maabara kwa miaka kumi na tisa, na mimi mdogo wake ndiye niliyemfulia koti lake jeupe kila Jumamosi. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kibao kidogo kama ukucha: juu vipande vya dhahabu visivyoonekana kwa macho, chini yake utando wa oksidi ya vanadi. Kikiwa baridi, kinarudisha mawimbi ya terahezi, yale yasiyoonekana yaliyo kati ya ya redio na mwanga. Kikipata moto, utando hugeuka ukawa kama chuma, na kibao kikayameza.

Hayo alimfundisha binti mmoja, mwanafunzi wake, mezani kwetu, vichwa vimekaribiana, mimi napiga pasi. Nikiuliza, kaka hucheka. "Kitinda, haya yatakuumiza kichwa bure." Nikaona wivu. Niliomba uniondoke, ukarudi kabla sijasema amina.

Wiki mbili baada ya mazishi, binti akaja. Akaniita shangazi, kana kwamba kaka ndiye aliyemzaa. Alisema kamati ya chuo inakuja kesho yake kupima kibao, na kwenye joto la nyuzi sitini na tano, pale kaka alipoandika kwamba kinameza, kinarudisha kila kitu. Hali ikibaki hivyo, jina la kaka litafutwa kwenye ripoti. Je, daftari lake ninalo?

Nikasema sijaliona. Lilikuwa chini ya mto wangu.

Alipoondoka nikalifungua. Namba sikuzielewa, ila kando ya kila sitini na tano kulikuwa na mshale wa kushuka. Hapo nikakumbuka siku aliyonitazama nikisubiri pasi ipoe, akasema: "Kibao changu usikiulize kina joto gani. Kiulize kimetoka wapi."

Asubuhi nikaenda maabara na daftari kwapani.

"Kipashe mpaka themanini kwanza," nikamwambia binti, "halafu kishushe polepole. Kikishashika moto, hakiuachi upesi."

Akafanya. Kiliposhuka hadi sitini na tano, mstari kwenye skrini ulikuwa umelala chini kabisa. Mawimbi yote yamemezwa.

Binti akalia. "Shangazi, kupasha alikuwa akipasha mwenyewe. Mimi hili hakuniambia."

Kamati ilipokuja ikapima vivyo hivyo, na jina la kaka likabaki kwenye ripoti, namshukuru Mungu. Lakini anisamehe, maana kilichonifurahisha zaidi siku ile ni yale maneno ya binti.