Vigingi vya Bomba na Kaburi la Mama

Nina miaka arubaini na saba, mwalimu wa shule ya msingi kaskazini ya Malindi, njia ya Mambrui. Mke ninaye, watoto watano, na maadui wengi niliochumiwa na kalamu yangu. Mhariri wa ukurasa huu nimemwomba alifiche jina langu. Ni mara ya kwanza maishani kuandika kitu nisichokitia sahihi, na aibu yake naiona.

Mwaka huu tuliletewa bomba la maji. Sote tulilitamani, lakini mkandarasi akaanza kukata njia ya mkato katikati ya mashamba ya watu, hapa mihogo, pale minazi, bila kuuliza mtu. Nikaenda ofisini, nikaomba kanuni, nikazisoma zote nimesimama kwa kuwa karani hakunipa kiti. Zilisema wazi: mabomba na nguzo za simu zipite kando ya barabara, ndani ya hifadhi yake, futi thelathini kutoka katikati ya njia, na chochote kilichomo humo, kiwe kibanda, mti au kaburi, kitaondolewa. Nikaandika barua. Nikaandika ya pili, kali kuliko ya kwanza. Kwenye mkutano wa chifu nikasimama nikasema, "Kanuni haina mjomba wala shangazi. Ikimpitia mnyonge, na impitie na mwenye nguvu."

Aliyeshangilia zaidi ni jirani yangu, Mama Kadzo, mjane wa Kigiriama. Mumewe alimwachia minazi saba, mstari mmoja, hatua chache nje ya hifadhi ya barabara. Kwa minazi hiyo anauza madafu, anasuka makuti, anakula. Bomba la mkato lingeing'oa yote. Barua zangu ziliiokoa.

Nikashinda. Wapima wakaja na kamba zao, wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Jumatano nilipotoka shuleni nilikuta kigingi kimoja kimesimama kifuani pa kaburi la mama yangu.

Marehemu mama aliuza vitumbua kando ya njia ile tangu mimi mdogo. Alipokuwa kitandani kwa mara ya mwisho aliniambia, "Mwanangu, msinipeleke mbali. Nizikeni karibu na njia, wapitao wanitolee salamu." Mahali nilipachagua mimi. Njia ilikuwa bado ya mchanga. Nikahesabu hatua kutoka ukingoni, nikaona panatosha. Kanuni hupima kutoka katikati. Mimi ninayewafundisha watoto wa watu hesabu nilipima kutoka pembeni.

Nikamwendea mnyapara. Akaniambia, "Mwalimu, kaburi likiwa na mwenyewe, mwenyewe aje atie sahihi, tutalikwepa. Lakini chuma hakikunjwi kama mkeka. Tutaingia kwa yule mama mwenye minazi."

"Minazi mingapi?"

"Yote saba." Akacheka. "Barua zako tunazo, lakini. Utuandikie nyingine ya kuzifuta."

Nikaenda kwa dada yangu mkubwa. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia kwanza. "Umekuja kuniambia utamfukua mama?"

"Dada, kanuni..."

"Hiyo kanuni ulichangia nayo tumbo? Imekunyonyesha? Haya, mfukue. Lakini siku nikifa mimi, usije kushika jeneza langu."

Ndugu wasomaji, ningeweza kutia sahihi. Ningeweza kumwendea Mama Kadzo nikamwambia ukweli, tukae tuzungumze kama majirani. Lakini wangesema, mwalimu kanuni zimemfika mlangoni kazikimbia. Nilishindwa kukubali watu wanione hivyo. Basi Ijumaa adhuhuri, vibarua wamekwenda kuswali na wengine kula, mimi sikwenda msikitini. Nilikwenda na nyundo. Nikang'oa vigingi vitano, nikavipigilia upya kwa kupinda, nje ya kaburi, ndani ya shamba la mjane. Juani, saa saba mchana. Hakupita mtu.

Jumatatu vibarua walifuata vigingi. Minazi mitatu imeanguka. Minne imebaki kwa sababu Mama Kadzo ameketi mbele yake kwenye mtaro wa bomba, ameweka kiti chake humo, na jembe limesimama. Mnyapara anaapa kuwa vigingi ni vya wapima. Amempa muda wa kuleta malalamiko kwa maandishi kabla ya Jumatatu nyingine, la sivyo watamwondoa waendelee.

Jana jioni, vibarua walipokwisha kuondoka, alikuja kwangu. Alipopita kaburini aliokota makuti makavu yaliyoangukia juu yake, kama afanyavyo kila siku, nikimwona dirishani.

"Mwalimu," aliniambia, "kuna mtu amecheza na vigingi. Mimi sijui kusoma lakini macho ninayo. Niandikie barua."

"Nitaandika, Mama Kadzo."

"Iwe kali. Kama ile iliyowatisha. Useme huyo mtu atafutwe, ashitakiwe." Kisha akanitazama. "Mbona hunywi chai yako? Unaumwa?"

Amesema atakuja kuichukua Jumapili, atie dole gumba.

Nikisema ukweli, mtaro utarudi hifadhini, mama atafukuliwa, dada nimempoteza, na kila barua niliyoandikia wanyonge itakuwa kichekesho. Nikinyamaza, nitaiandika barua ya kunishitaki mimi mwenyewe bila kutaja jina langu, na kwa kuwa haitakuwa na ushahidi, minazi minne itaanguka. Mke wangu hajui. Karatasi iko mezani tangu asubuhi. Nimeandika tarehe, nimeandika "Kwa heshima," nikakwama hapo.

Wasomaji, mimi niliyezoea kuwaambia wengine la kufanya, leo nawauliza nyinyi. Jumapili haiko mbali, na yule mama angali mtaroni. Nishaurini. Nimwambie nini akija?