Abeid na Wenzake

Mpaka leo nikipita Marui nageuza uso, kwa aibu ya mihogo, na nitawaeleza polepole ilivyokuwa, maana jambo lenyewe ni la kitaalamu kidogo lakini mtalielewa tu, msiogope.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bwana shamba, kituo changu Kibaha. Wakulima watano wa Marui walinipa kipande cha shamba la kijiji nijaribu mbegu za mihogo, wakawa wanaandika wenyewe ipi imeugua na ipi imepona (aliyeandika hasa ni Bi Tatu, na aliyepalilia hasa ni Bi Tatu), mwishowe wakatoa taarifa yenye majina yao wote. Nikaandika makala, jarida la sayansi likaikubali. Sasa jarida lilikuwa na utaratibu wake: ukitaja taarifa yenye waandishi wengi, unaandika jina la kwanza, halafu "na wenzake". Utaratibu mzuri, unaokoa nafasi. Lakini wa kwanza ni nani, ikiwa walisaini kuzunguka ukurasa? Nikaona nifuate alfabeti, nisimpendelee mtu. Alfabeti ikamtoa Abeid.

Abeid! (Siku ya shamba la pamoja mgongo unamuuma, siku ya kugawana amepona.)

Ningenyamaza yangeishia maktaba. Furaha ikanizidi, nikaenda kuisoma kwenye mkutano wa kijiji, siku ileile niliyokwenda kuomba shamba kwa msimu wa pili, na bila msimu wa pili majaribio yote yalikuwa bure.

"Kwa mujibu wa Abeid na wenzake," nikasoma. Mtu akacheka nyuma. Abeid akasimama, akapunga mkono.

"Mwanangu," akauliza Bi Tatu, "hao wenzake ndio sisi?"

"Ndiyo, mama, ila..."

"Mimi nimekuwa mwenzake lini?"

Mwenye akili angeomba radhi hapo. Mimi nikaeleza. Nikachora herufi mchangani kwa kijiti, nikaonyesha A ilipo na T ilipo, nikasema hata maprofesa wanamezwa humo humo kwenye "wenzake", na kadiri nilivyoeleza kwa upole ndivyo watu walivyozidi kununa.

"Herufi nazijua, nimesoma kisomo cha watu wazima," akasema Bi Tatu. "Sikufundishwa kwamba zinapalilia."

Mwenyekiti wa kijiji akafunga mjadala: "Bwana shamba, msimu ujao kalime kwa Abeid."

Abeid hakuwa na shamba.

Asubuhi yake waling'oa kila shina wakagawana, na ile mbegu iliyokuwa haiugui, ambayo nilikuwa sijaipeleka kokote, ikaishia vyunguni, miti yake ikawa kuni. Sijaipata tena.

Tangu siku hiyo sichapishi kitu kabla sijawauliza wenyewe nani atangulie, wakigombana na wagombane mbele yangu. Makala iliyofuata nilianza na shukrani kwa Bi Tatu, jina zima, nikampelekea nakala mwenyewe. Akaipokea kwa mikono miwili, akaifunua, akaniuliza taratibu:

"Na Abeid umemweka wapi?"