Jumamosi Niliyosoma Sehemu ya Baba

Sisi tuliokulia Stechford, huku Uingereza, tukiwa watoto wa Kenya tunakumbuka kucheza kati nyuma ya nyumba, tukikwepa mpira wa soksi, mikono ikiwa imeganda, hadi harufu ya chapati itutoe kwenye baridi bila mtu kutuita. Siku hizi mdogo wangu hunitumia ujumbe kutoka ghorofani akiuliza kama chakula kimeiva. Jikoni ni ngazi kumi na mbili tu.

Jirani yetu alikuwa Kelly, msichana wa Kiingereza wa rika langu. Ninyi mnamjua kwa sura: ni yule wa filamu ambaye picha yake ilibandikwa kwenye vituo vya basi. Sisi tulimjua akila ugali kwa mikono miwili. Mama yake alifanya kazi dukani hadi jioni, kwa hiyo Kelly alishinda kwetu. Mama yangu, aliyetunza wazee kazini na watoto wa kila mtu nyumbani, hakuweza kumwona mtoto bila kumuuliza, "Umekula?" Hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili Kelly alilolielewa. Kama watu wote wa kanisani, alimwita mama "Mama Brayo", kwa jina la kaka yangu mkubwa, na kwa miaka mingi aliamini ndivyo ilivyoandikwa kwenye pasipoti yake.

Uigizaji wake ulianza katika kanisa letu, kwenye ukumbi wa kukodi, Krismasi moja. Alitaka kuwa Mariamu. Binti wa mchungaji alikuwa ameshapewa sehemu hiyo, basi Kelly akawa punda. Punda yule hakuwa na neno hata moja, lakini alimtazama mtoto horini hadi kina mama wa mstari wa mbele wakatoa vitambaa.

"Yule punda ameokoka," mama alisema tukirudi nyumbani.

Baadaye Kelly alijiunga na darasa la uigizaji la Jumamosi, katika ghala kuukuu kule Digbeth. Akapata sehemu ndogo ndogo kwenye televisheni: mtoto anayepita njiani, mtoto aliyelazwa hospitalini. Halafu mwaka mzima ukapita bila kitu. Tulipokuwa na miaka kumi na sita, mama yake alimwambia kwamba akikataliwa mara moja tena, ataacha mambo hayo na kuanza kazi katika saluni ya shangazi yake.

Jaribio hilo la mwisho lilikuwa la filamu. Walitaka ajirekodi akiigiza binti anayekutana na baba aliyemtoroka zamani, na video iwafikie Jumamosi kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtu mwingine alitakiwa asome maneno ya baba bila kuonekana. Rafiki yake wa Sutton Coldfield ndiye angesoma, lakini saa tisa alipiga simu: treni zimesimama. Sisi tulikuwa tumeshatundika shuka la buluu ukutani na kuegemeza simu ya mama kwenye mikebe ya maharagwe. Brayo akajitolea. Alisoma kama mtangazaji wa mpira, na Kelly akaangua kicheko. Mara ya pili hakucheka. Alianza kuitazama saa.

Mama akanigeukia. "Kemunto, si uko hapo?"

"Mama, siwezi."

"Kwani huo mdomo ni wa chapati peke yake?"

Nilikuwa nimetoka Kenya nikiwa darasa la sita, na katika shule ya hapa sikuwahi kusoma Kiingereza kwa sauti bila mtu kucheka. Nilipokwama, walimu wapole walinimalizia neno, na wasio na subira walimwita mwingine. Lakini Kelly alikuwa amesimama mbele ya shuka, uso umempauka, na saluni ilikuwa inamsubiri. Nikaichukua karatasi.

Nilisoma polepole, nikifuata mstari kwa kidole. Mahali baba anapoeleza kwa nini aliondoka, nikakwama. Nikasikia friji ikinguruma. Niliinua macho ili Kelly anitajie neno, lakini hakunitajia. Alinitazama tu, midomo imefunguka kidogo, machozi yakimlengalenga, kana kwamba maisha yake yote yalikuwa ndani ya lile neno. Nikalipata, nikalisema. Naye akanijibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Brayo alipozima kamera nikasema, "Nisamehe. Nimekuharibia. Turudie."

"Hapana," Kelly akasema akijipangusa uso. "Tuma hiyo hiyo."

"Tuna dakika ishirini bado," Brayo akasema.

"Brayo, tuma!"

Wiki tatu baadaye alikuja kugonga mlango wetu kwa ngumi mbili. Wenye filamu walikuwa wamemchukua. Walimwambia kwamba wasichana wengi walijua kusema, lakini yeye alijua kusikiliza. Mama alimkumbatia mikono ikiwa na unga, akamwachia alama mbili nyeupe mgongoni.

Brayo huwaambia watu kanisani kwamba yeye ndiye aliyerekodi video ile. Mama husema Kelly anapaswa kunishukuru mimi. Nami huona wamegeuza mambo. Baada ya Jumamosi ile nilianza kumsomea mama barua zake, kisha nikasoma Maandiko mbele ya kanisa, na sikufa.

Mdogo wangu naye sasa anataka kuigiza. Hujifungia chumbani, na simu ndiyo humsomea sehemu ya mwenzake. Haikwami kamwe, wala haihitaji chapati. Kelly yuko London, na nyumba ya jirani ina watu wema ambao hatujajua majina yao. Mimi nasoma vizuri siku hizi. Hakuna tena anayelazimika kuningoja, na kwa hilo namshukuru Mungu, na namshukuru Kelly. Ila sijaona tena mtu akilisubiri neno langu kwa macho yale.